Nyumba Zinauzwa, Barabara Itafuata

Mradi mpya wa nyumba uliotangazwa wiki hii upande wa Kigamboni, Dar es Salaam, hauna tatizo la nyumba. Habari za vyumba, bei na malipo ya awali wasikilizaji wamekwishazisikia. Kinachowasumbua wakazi wa mitaa jirani, na kinachokisumbua kituo hiki, ni njia ya kuufikia. Ni ya vumbi, upana wake ni wa gari moja, na ndiyo hiyohiyo inayobeba malori ya kokoto leo na itakayobeba mamia ya familia baadaye. Wakazi walipouliza, walijibiwa jibu la siku zote: barabara itafuata.

Mradi wa nyumba huwa na barabara za aina mbili. Za ndani huonekana kwenye mchoro, hutandazwa vitofali, huwekewa taa na kupigwa picha za matangazo. Ya nje, inayotoka kwenye lami hadi getini, kwa kawaida haimo kwenye mchoro wa mwendelezaji, na mara nyingi haimo kwenye bajeti ya mtu yeyote. Brosha husema mradi uko dakika chache kutoka mjini. Dakika hizo, bila shaka, hupimwa Jumapili alfajiri, wakati wa kiangazi.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imegawa kazi. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Barabara za wilaya, yaani za mkusanyo, za mlisho na za jamii, tangu 2017 zinasimamiwa na TARURA. TANROADS ina takriban kilomita 36,000. TARURA ina zaidi ya 140,000. Kipande cha kwenda getini karibu kila mara huangukia kwa huyu mwenye kilomita nyingi na fedha chache, naye hukiweka kwenye foleni nyuma ya vipande vingine vilivyotangulia kuahidiwa. Mwaka 2021 Serikali iliongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za TARURA. Kwa hiyo mkazi anayepanda bajaji kila asubuhi ameshaanza kuilipia barabara itakayofuata. Analipa kila siku.

Kabla mnunuzi wa kwanza hajakabidhiwa funguo, njia hiyo huwa imeshamalizwa na ujenzi wenyewe. Majaribio makubwa yaliyofanyika Marekani kati ya 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa barabara huongezeka takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Ekseli ikizidishiwa uzito mara mbili, uharibifu huongezeka kama mara 16. Ekseli ya tani 8 huumiza barabara kiasi cha mara 4,000 kuliko ekseli ya tani moja, ambayo tayari ni nzito kuliko ya gari dogo la kawaida. Majaribio hayo yalifanywa kwenye barabara zilizojengwa kitaalamu. Njia ya udongo yenye moramu iliyomwagwa juujuu haihitaji hesabu. Lori la mchanga, la nondo na la zege huichimba kwa wiki chache.

Kwenye njia hii ya Kigamboni, mahali pabaya zaidi ni penye kalavati. Lori likiingia, bajaji inayotoka hurudi kinyumenyume hadi kwenye uzio wa michongoma wa mtu, abiria wakiwa wameinua miguu. Ukingo wa kalavati ulishavunjika kwa tairi la nyuma la lori lililokata kona mapema; mtu wa jirani amechomeka kijiti na kukifunga kitambaa chekundu, na hiyo ndiyo alama pekee ya usalama. Masika ya Machi hadi Mei maji hupita juu ya kalavati badala ya chini yake. Wanafunzi huvua viatu. Mjamzito hubebwa hadi kwenye lami ndipo apate gari. Gari la zimamoto, linalohitaji zaidi ya mita tatu za njia iliyo wazi na ardhi inayohimili tangi lililojaa maji, halifiki. Lakini barabara itafuata.

Kigamboni ina kumbukumbu ndefu ya jibu hilo. Mradi wa Viwanja 20,000 ulioanza 2002 ulipima maeneo kama Kibada na Gezaulole. Mitaa ilichongwa na greda, watu wakajenga, lami ikabaki hadithi ya miaka. Daraja la Nyerere, lenye urefu wa mita 680, lilifunguliwa Aprili 2016 likiwa na njia sita, ilhali barabara ya kuliunganisha upande wa Kibada ilikuwa haijakamilika. Barabara ya Kibada, Mwasonga hadi Kimbiji, ya kilomita 41, ilikaa miaka mingi ikiwa ya vumbi huku malori ya saruji kutoka Kimbiji yakipita na makazi mapya yakiota pembeni yake. Kila mara nyumba zilitangulia. Kila mara mlipaji wa kwanza wa gharama alikuwa mkazi wa zamani, ambaye hakununua nyumba yoyote na hakuulizwa chochote.

Kuulizwa kwenyewe ni haki. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, mradi mkubwa wa makazi hupaswa kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi wanaoguswa hupaswa kusikilizwa. Cheti hutoka na masharti. Hakuna kinachozuia sharti mojawapo kuwa hili: barabara ya kufikia mradi ijengwe kabla ya nyumba, kwa upana wa magari mawili kupishana, yenye mitaro na njia ya waenda kwa miguu. Mwendelezaji atasema gharama itapandisha bei. Itapanda, na mnunuzi atajua bei halisi ya anachonunua badala ya kumwachia jirani salio.

Basi ramani ya mradi iwekwe ukutani katika ofisi ya serikali ya mtaa, ikionyesha njia ya nje na si ya ndani tu. Atajwe nani anajenga, kwa fedha zipi, na lini. Malori yapangiwe saa, yasipishane na wanafunzi. Kalavati lijengwe upya kabla ya masika, si baada ya mtu kutumbukia. Kibali cha ujenzi kisitoke kwa ahadi ya mdomo. Wenyeviti wa mitaa waitishe mikutano, na wakazi waende, wote, hata wenye nyumba mbali na njia, kwa kuwa zimamoto lisipofika kwa mmoja halifiki kwa yeyote. Maoni yaandikwe, yasiishie kunung'unikwa vibarazani. Barua moja iende NEMC, baraza la mazingira, ya pili ofisi ya TARURA ya wilaya, ya tatu kwa mkurugenzi wa manispaa, na nakala ya kila moja ibaki mtaani ikiwa na muhuri wa kupokelewa.