FAMILIA NI NANI?
(Hotuba iliyotolewa Siku ya Familia, katika juma la Jubilei ya Miaka 100 ya Usharika)



Kamati ya Jubilei imeniagiza nizungumze juu ya familia. Malezi ya watoto na amani ya ndoa vimepewa wasemaji wengine katika juma hili. Mimi naomba kuanza na neno lenyewe, kwa maana neno tulitumialo kila siku pasipo kuliuliza lilikotoka laweza kutufungia mlango tusiouona.

Kiswahili chetu ni tajiri katika jambo hili. Tunalo neno ukoo, yaani watu waliotoka kwa babu mmoja. Tunalo kaya, wale wapikao chungu kimoja na kuhesabiwa pamoja. Tunalo jamaa, lililotoka katika Kiarabu, kwenye shina lenye maana ya kukusanyika. Shina hilo ndilo lililozaa jamii, jumuiya na Ijumaa. Mwalimu Julius Nyerere alipoandika mwaka 1962 juu ya msingi wa siasa yake, aliliita jambo hilo Ujamaa, akitaka undugu wa nyumbani upanuke hata uvuke mipaka ya kabila na taifa.

Neno familia ni geni lililokuja baadaye. Tumelipokea kutoka lugha za Ulaya, nazo zililirithi kutoka Kilatini. Na hapa ndugu zangu naomba mnisikilize kwa makini. Katika Kilatini, familia lilitokana na famulus, maana yake mtumishi au mtumwa wa nyumbani. Familia kwa Warumi ilikuwa wote waliokuwa chini ya mamlaka ya bwana mmoja, na watumwa wakiwamo. Ulpianus, mwanasheria wa Roma wa karne ya 3, alieleza kwamba neno hilo lilitumika kwa watu na pia kwa mali. Mtumwa, basi, alihesabiwa ndani ya familia, lakini alihesabiwa kama kitu.

Maandiko Matakatifu nayo hupenda kusema nyumba. Ibrahimu alipoagizwa kuitia nyumba yake alama ya agano, waliozaliwa kwake na walionunuliwa kwa fedha walitiwa pamoja. Amri ya Tatu, kwa hesabu ya Katekisimo yetu, haimpi pumziko baba na mama peke yao. Katika Kitabu cha Kutoka inawataja pia mtumwa, mjakazi na mgeni. Lidia alibatizwa pamoja na nyumba yake, na mlinzi wa gereza la Filipi vivyo hivyo.

Dkt. Martin Luther alilifahamu jambo hili. Alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika juu ya vichwa vya sehemu zake kwamba ndivyo baba mwenye nyumba apasavyo kuwafundisha watu wa nyumbani mwake. Neno la Kijerumani alilotumia, Gesinde, liliwahusu hasa watumishi. Kwa hiyo, kitabu tulichokariri sote kabla ya Kipaimara kiliwakumbuka tangu mwanzo wale wafanyao kazi jikoni na zizini.

Wazee wetu wa Kilimanjaro walimjua Mchungaji Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, aliyefika mwaka 1902 na kufanya kazi kwa miaka mingi Old Moshi, hata alipoondoka mwaka 1938. Yeye hakutaka Injili ivunje vifungo alivyovikuta. Alijenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, na vijana wa Kipaimara aliwaunganisha wawili wawili wawe ngao mmoja kwa mwenziwe. Tunamshukuru Mungu kwa hekima hiyo. Hata hivyo tukiri kwamba ukoo una ukuta. Asiye na kihamba, asiye na mjomba wa kumsemea, huyo husimama nje ya ukuta huo.

Mniruhusu sasa niseme jambo la aibu yangu mwenyewe. Nilipokuwa mchungaji kijana, katika usharika mwingine ulio mbali na hapa, nilipita nyumba kwa nyumba nikiandika daftari la washarika. Katika nyumba moja nilihesabu baba, mama na watoto wanne. Binti aliyetuletea chai alisimama mlangoni, akaniuliza kwa sauti ndogo kama naye angeweza kuanza mafundisho ya Kipaimara. Mwenye nyumba akacheka, akasema, “Huyu si wa familia, Mchungaji, ni msichana wa kazi.” Nami nikafunga daftari. Nilipanga kulirudia jambo hilo siku nyingine. Niliporudi baada ya miezi kadhaa alikuwa amekwisha kuondoka, na hakuna aliyejua alikokwenda. Hata jina lake sikuliuliza.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikifungua kamusi ya Kilatini kwa ajili ya somo, ndipo nilipokutana na neno famulus, nikaweka kitabu chini. Mtu yule tuliyesema si wa familia ndiye aliyelipa neno hilo jina lake. Sisi tulilichukua neno, tukamwacha mwenyewe mlangoni.

Lakini Injili haiturudishi Roma. Mtume Paulo alipomrudisha Onesimo kwa Filemoni, hakuomba ahesabiwe tena kama mali ya nyumba ile. Aliomba apokewe kupita mtumwa, yaani kama ndugu mpendwa. Na Bwana wetu, alipoambiwa kwamba mama yake na ndugu zake wako nje, aliwatazama walioketi kumzunguka, akasema kwamba afanyaye mapenzi ya Mungu ndiye ndugu yake, dada yake na mama yake. Hiyo ndiyo familia ambayo Ubatizo hutuingiza. Damu iliyoifanya ni ya mmoja tu, naye aliimwaga kwa ajili ya wote.

Wapendwa, tunaingia karne ya pili. Katika meza ile pale kuna daftari la kwanza la usharika huu na daftari jipya ambalo bado halijaandikwa. Nina ombi moja kwa wazee wa kanisa. Mtakapokwenda nyumba kwa nyumba, msiulize, “Familia yenu ina watu wangapi?” Ulizeni, “Ni nani wanaolala chini ya paa hili?” Mwandikeni binti wa kazi, mchunga ng'ombe, yatima aliyeletwa kutoka kwa shangazi, bibi asiye na mtoto. Waulizeni majina yao. Kisha waulizeni kama wamebatizwa, na kama wangependa kufundishwa.

Hapo usharika wetu utalistahili jina lake, kwa kuwa usharika ni kushiriki. Na Jubilei ijayo, wajukuu wetu watakapofungua daftari hilo, wasikute nyumba ambayo mtu mmoja alisimama mlangoni na hakuna aliyemwandika.

Mungu awabariki. Amina.