Injini ya Dizeli na Mavumbi ya Kiangazi

Leo twataka kunena nanyi habari za injini ya dizeli. Katika Shinyanga na Geita ni nani asiyeitegemea? Pamba huchukuliwa kwa dizeli, mahindi husagwa kwa dizeli mahali pasipo umeme, na mgonjwa apelekwaye hospitali ya Bugando, Mwanza, aghalabu hupelekwa kwa dizeli. Ikizimika njiani usiku, hasara yake si ya mwenye gari peke yake.

Aliyeibuni ni Rudolf Diesel, Mjerumani, aliyefaulu kuiendesha mjini Augsburg mwaka 1897. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche ya plagi. Hii haina cheche. Huvuta hewa tupu na kuigandamiza hata iwe moto mkali, kisha mafuta hunyunyizwa ndani, yakawaka yenyewe. Tutwae mfano wa injini ya Toyota iitwayo 1HZ, iliyomo katika Land Cruiser nyingi. Ina silinda 6, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 4,164; nayo huibana hewa hata ikabaki sehemu 1 katika sehemu 22.

Basi chakula chake ni viwili, hewa na mafuta, na vyote vyataka usafi. Vumbi huziba chujio la hewa. Likipenya, hukwangua silinda kama msasa, na injini ikawa nzito kuwaka asubuhi. Maji yaliyochanganyika na mafuta hutia kutu pampu na nozeli, navyo ni vyombo vya ghali.

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya maradhi ya dizeli ni moshi. Ukiwa mweusi, hewa haitoshi au mafuta yamezidi. Ukiwa wa buluu, injini yala oili yake. Ukiwa mweupe, usikome hata injini ipatapo moto, na maji ya rejeta yapungua, huenda maji yaingia katika silinda: izimeni, mwiteni fundi.

Kwa hiyo wakati wa kiangazi likung'uteni chujio la hewa mara kwa mara, na likichanika libadilisheni. Fungueni koki iliyo chini ya chujio la mafuta, mwageni maji. Pipa la mafuta liacheni litulie usiku kucha, wala msivute mpaka chini kabisa.

Kazi hizi ni za dakika chache tu. Bali injini iliyokwisha kuliwa na vumbi hairudishiwi uzima wake kwa kung'utwa chujio.