TAKA ZA MTAA NI SHAURI LA WAFANYA KAZI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, Nakuru)



Wako watakaotuuliza kwa nini chama cha wafanya kazi kizungumze habari za taka. Watasema kazi ya chama ni mishahara, saa za kazi, na kumtetea mtu aliyeachishwa bila sababu. Ni swali la haki, nasi twalijibu hivi. Mtoto akiugua tumbo kwa ajili ya mtaro ulioziba mbele ya mlango, fedha inayokwenda kwa dawa ni ile ile tuliyoipigania kwa mwajiri. Na yule anayeichukua taka yako mlangoni, naye ni mfanya kazi. Kwa hiyo shauri hili ni letu kwa pande zote mbili.

Tena liko jambo lililotuleta hapa leo. Wanachama wengi wa Kaptembwo, Rhonda na Kivumbini wametuambia kwamba wataka kuacha kulipa ada ya taka ya kila mwezi. Wanasema mkokoteni hauji kwa siku zake, na ukija huchukua nusu na kuacha nusu. Wengine wameanza kuzichoma taka nyuma ya choo. Halmashauri ya tawi imelifikiri jambo hili kwa usiku mbili, na maoni yetu ni kwamba kukataa kulipa peke yake hakutasafisha hata ploti moja. Twaomba mtusikilize mpaka mwisho kabla ya kupiga kura.

Wazee wetu husema kwamba zamani Nakuru ulisifiwa kuwa mji safi kuliko yote ya Afrika ya Mashariki. Sifa hiyo huimbwa sana katika mabaraza. Tusidanganyane. Mji uliosifiwa ulikuwa zaidi ule wa Milimani na barabara za maduka. Aliyekaa lokesheni aliujua mfagio kwa kuushika mkononi, maana yeye ndiye aliyefagia kule. Tena mji ule ulikuwa mdogo. Katika hesabu ya watu ya mwaka 1999 Nakuru ulikuwa na watu kama 219,000. Katika hesabu ya 2019 walizidi 570,000. Tarehe 1 Desemba 2021 tukapewa hati ya kuwa jiji, na ngoma zikapigwa. Lakini hati haizoi taka.

Sasa tutazame taka zaenda wapi. Zikitoka mlangoni mwako hupelekwa jaa la Gioto, kule London, kwenye mteremko wa mlima Menengai. Angalieni vizuri mahali penyewe. Jaa liko juu, mji uko chini, na chini ya mji liko Ziwa Nakuru. Mvua ikinyesha, maji hupita katika jaa, yakateremka. Udongo wetu ni wa majivu ya volkeno, hunywa maji upesi, na kila mtu wa Nakuru amewahi kuona ardhi ikipasuka wakati wa masika. Kinachomwagwa juu hakibaki juu.

Na ziwa lenyewe halina mlango wa kutokea. Mto Njoro, Makalia na Nderit huingiza maji ndani yake, lakini hakuna mto unaoyatoa. Maji huondoka kwa jua tu. Basi chupa, kandambili na karatasi za mandazi zinazosukumwa na mitaro ya mji hadi ziwani zitakaa huko. Ziwa hili ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na tangu 1990 limo katika orodha ya Ramsar ya ardhi za maji zinazotunzwa duniani. Watalii huja kwa ajili yake, na watalii ni kazi za wenzetu wa hoteli na magari. Maji yake yamekuwa yakipanda tangu kama mwaka 2010, yakameza lango kuu la zamani la hifadhi na kufika kwenye nyumba za watu upande wa Mwariki. Siku hizi, ndugu, ziwa linatufuata nyumbani na vyote tulivyolitupia.

Wengine watasema: Serikali ifanye. Ni kweli, na hatutamsamehe mwenye wajibu. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, yasema kila mtu ana haki ya mazingira safi, na katiba hiyo hiyo imeweka kazi ya kuzoa taka na kutunza majaa mikononi mwa serikali za kaunti. Hapo twadai bila woga. Lakini iko sheria nyingine ambayo wengi wetu hatujaisoma, ile ya mwaka 2022 juu ya kusimamia taka. Hiyo yatuagiza sisi wenyewe, kila nyumba, tutenge taka zinazooza na zisizooza. Twaweza kuilaumu kaunti kwa gari lisilokuja. Hatuwezi kuilaumu kwa maganda ya ndizi tuliyoyatia gunia moja na wembe na chupa.

Hapa ndipo penye moyo wa maneno yetu, kwa hiyo mtuvumilie tukikaa kidogo.

Serikali yenyewe imekadiria kwamba katika taka za Kenya, sehemu 60 hadi 70 katika kila 100 ni vitu vya kuoza: maganda, mabaki ya ugali, majani ya sukuma wiki, takataka za sokoni. Plastiki ni kama 20, karatasi kama 10, na vyuma kidogo sana. Fahamuni maana yake. Mizigo sita katika kila kumi inayopandishwa Gioto kwa mafuta ya gari na jasho la watu ingeweza kubaki chini na kuwa mbolea. Kinachoharibu ni kuchanganya. Ganda la viazi peke yake halina ubaya. Karatasi kavu ina mnunuzi. Chupa ya plastiki ina mnunuzi. Bati kuukuu lina wanunuzi wanaogombana. Vyote vikitiwa gunia moja na mchuzi wa jana, baada ya siku mbili hakuna anayevitaka ila nzi.

Na kuchoma? Twaomba wale wa nyuma ya choo waache. Plastiki ikichomwa moto mdogo hutoa moshi wenye sumu, na moshi huo haumwulizi mtu kama amelipa kodi ya nyumba. Huingia dirishani kwa jirani mwenye mtoto mchanga.

Mbolea ya taka haina uchawi. Chagueni pembe ya ploti yenye kivuli. Chimbeni shimo fupi, mtandike nyasi kavu au unga wa mbao kutoka kwa fundi seremala. Juu yake tieni maganda, kisha udongo kidogo au samadi, kisha nyasi tena, hivyo hivyo. Nyunyizeni maji mpaka rundo liwe na unyevu kama nguo iliyokwisha kukamuliwa. Yakizidi litanuka, yakipungua halitaoza. Funikeni kwa gunia. Baada ya siku chache tieni kijiti katikati. Kikitoka cha moto, kazi inaendelea. Baada ya wiki mbili ligeuzeni kwa uma wa shamba, na mligeuze tena kila mara likipoa. Kwa muda wa miezi mitatu hivi mtapata udongo mweusi unaonukia msitu. Nyama na mifupa msitie, maana panya watahamia. Betri, dawa, sindano na wembe visiingie kabisa. Mama anayepanda sukuma wiki ndani ya gunia hatahitaji kufundishwa matumizi yake. Ploti isiyo na nafasi na iwatafute wafugaji wa nguruwe. Wengi huja wenyewe na ndoo wakijua mabaki ni safi.

Tusiseme kwamba haya ni ndoto za wasomi. Hapa hapa Nakuru vikundi vya wazoa taka viliungana katika ushirika uitwao NAWACOM, wakatengeneza mbolea kwa taka na kuiuza. Kampuni ya maji ya mji nayo iliingia katika jambo ambalo wengi walilicheka: kukausha kinyesi kutoka vyooni, kukichoma kiwe kama mkaa, kukichanganya na unga wa mbao na kukifanya makaa ya kupikia. Yanawaka, wala hayanuki. Ikiwa kinyesi kimepata mnunuzi, ganda la ndizi litashindwaje?

Jambo la pili ni la wenye ploti. Kuanzia 2012 palikuwa na kazi kubwa ya vyoo huko Rhonda na Kaptembwo, ikisaidiwa na Practical Action na Umande Trust. Faida tuliyoiona katika kazi ile ni namna yake. Wapangaji na wenye nyumba walikalishwa pamoja, ploti kwa ploti, kwa sababu mpangaji hawezi kujenga choo katika ardhi ya mtu, wala mwenye nyumba hawezi kukisafisha kila asubuhi akiwa anakaa mbali. Taka ni vile vile. Pipa na pahali pa kuliweka ni juu ya mwenye ploti. Kutenga ni juu yetu.

Mnaikumbuka mifuko ya plastiki. Ilikadiriwa kwamba maduka makubwa ya Kenya peke yake yalitoa mifuko milioni 100 kila mwaka. Tarehe 28 Agosti 2017 ikapigwa marufuku, kwa faini ya shilingi milioni 2 hadi 4 au kifungo. Watu walisema haiwezekani, nyama itafungwa na nini? Leo twaenda sokoni na vikapu kama bibi zetu, na mitaro yetu, ingawa si safi, haifanani na ile ya 2016. Zanzibar walikuwa wamekwisha kupiga marufuku mifuko hiyo tangu 2006, na Rwanda tangu 2008. Lakini sheria ilifaulu kwa kuwa kitu chenyewe kiliondolewa dukani. Kutenga taka hakuna polisi awezaye kukusimamia jikoni. Ni jirani tu.

Sasa tuje kwa wale vijana wa mkokoteni. Tunasikia wanachama wakiwaita chokoraa. Neno hilo lisisikike tena katika mkutano wa chama hiki. Wengi wao ni vibarua wa siku, hawana glavu wala buti, hawana bima, na kidole kikikatwa na chupa yako wanakifunga kwa kitambaa wakaendelea. Mwenzetu mmoja alipomwuliza mwenye kazi mmoja, ambaye hatutamtaja, kwa nini hawapi glavu, alijibiwa kwamba huziuza. Huenda mmoja aliiuza. Hata mishahara yetu sisi ilikuwa na udhuru wa namna hiyo siku zote.

Mwezi wa Februari 1968, katika mji wa Memphis huko Marekani, wazoa taka wawili walisagwa na mashine ya gari lao walipokuwa wamejificha mvua. Wenzao kama 1,300 wakagoma, wakatembea barabarani na mabango yaliyosema kwamba wao ni watu. Martin Luther King alikwenda kuwaunga mkono, na huko ndiko alikouawa tarehe 4 Aprili. Siku kumi na mbili baadaye mji ukakubali kukitambua chama chao. Na si zamani tu: mwezi wa Mei 2024 wazoa taka wa nchi nyingi walikutana Buenos Aires, Ajentina, wakachagua viongozi wa umoja wao wa dunia. Kazi hii ina watu wake na ina vyama vyake. Ni aibu kwetu sisi wenye kadi kuwatazama kama sehemu ya taka wanazobeba.

Mfikirini kijana huyo akipokea debe mbili mlangoni badala ya gunia moja. Debe kavu ataliuza siku ile ile. Lile la kuoza halimkati kidole. Safari zake za Gioto zitapungua, na mkokoteni utaweza kufika kwako siku yake. Hatusemi ndiyo sababu pekee ya kuchelewa. Magari mabovu na ulegevu wa ofisi pia yamo. Lakini hii ndiyo sababu iliyo mikononi mwetu.

Kwa hiyo halmashauri yaleta mbele yenu maombi haya yapigiwe kura. Ada iendelee kulipwa, lakini kwa risiti, na siku za mkokoteni zibandikwe kwenye lango la kila ploti ili tujue zilizokosekana. Kila ploti itakayokubali ianze debe mbili kwa miezi mitatu, na ichague mtu mmoja wa kuandika wiki kwa wiki kama mkokoteni umekuja. Mwisho wa miezi hiyo tutachukua madaftari hayo mpaka ofisi ya kaunti, na hapo, kama huduma bado haipo, swali la kuacha kulipa litarudi mezani tukiwa na ushahidi mkononi. Wajumbe wawili waende kuzungumza na wazoa taka wa mtaa juu ya glavu, buti na kujiunga na chama, nao wawasikilize kabla ya kuwahubiria.

Majina ya ploti yapewe karani mlangoni. Mwenye debe la ziada lisilovuja alilete Jumamosi; ndugu zetu wa karakana wamejitolea kuyatoboa na kuyatia vishikio bila malipo. Sasa twamrudishia Mwenyekiti nafasi kwa maswali, na wale wa Kivumbini waanze, maana ndio waliokuja na hasira nyingi zaidi.