Taa za Duka na Waya Mwembamba

Msikilizaji, unayerudi na vitambaa kutoka soko la Zhongda, wilaya ya Haizhu, Guangzhou, huenda umebeba pia taa za mkanda za volti 12 za kupambia duka lako Kariakoo, na pawa saplai yake. Kasheshe huwa kwenye waya.

Tuchukue mkanda wa wati 120. Gawa kwa 12: ampea 10. Upande wa ukutani, kwa volti 230, ni kama nusu ampea tu. Kwa hiyo waya mwembamba unaotosha kule, huku kwenye taa hupata moto.

Pawa saplai ikikaa mita 5 kutoka kwenye taa, umeme husafiri mita 10, kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5 hupoteza kama volti 1.2 njiani, taa hufifia, kitenge kipya kikaonekana cha juzi. Wa milimita za mraba 4 hupoteza chini ya nusu volti. Mimi ningesogeza tu pawa saplai karibu.

Kabla ya kuunganisha, zima umeme kwanza. Kwenye pawa saplai, nafasi za L, N na ethi ni za waya wa ukutani. V+ na V− ni za taa. Na nyuzi zibanwe kwa skrubu, si kuviringishiwa selotepu.