Ng'ombe Atibiwe Kabla ya Kufika Mnadani



Mpakani Busia na Malaba wako askari na maofisa wa forodha. Lakini mbung'o haombi pasi ya kuvukia, wala vijidudu vilivyomo katika damu ya ng'ombe havijui ilipoishia Uganda na ilipoanzia Kenya.

Malale si ugonjwa mgeni katika eneo hili. Mlipuko wa mwanzoni mwa karne ya 20, kando ya Ziwa Viktoria, uliua watu zaidi ya 200,000 nchini Uganda. Katika miaka ya 1980 ugonjwa huo ulienea tena Busoga, ukaingia na Tororo.

Wengi hudhani kwamba malale hutoka kwa wanyama wa mwituni. Lakini Tororo na Busia ni nchi ya mashamba, na hazina kuu ya vijidudu hivyo ni ng'ombe wa nyumbani. Balaa lenyewe ni kwamba ng'ombe huyo aweza kulima na kukamuliwa bila kuonyesha dalili yoyote. Mnunuzi humkagua, humlipia na kumswaga hadi kwake; kumbe amenunua na maradhi.

Ndivyo ilivyotokea Soroti mwaka 1998. Wananchi waliopoteza mifugo yao kwa vita na wizi walinunua ng'ombe wapya, wengine wakitoka maeneo yenye malale. Mbung'o walikuwako tayari. Watu wakaanza kuugua mahali ambapo ugonjwa huo haukuwako.

Basi, kinga ni nini? Kwanza, ng'ombe achomwe sindano ya kuua vijidudu kabla ya kutolewa eneo lenye malale. Pili, apuliziwe dawa ya kuua mbung'o, hasa miguuni na tumboni, ambako mdudu huyo hupenda kuuma. Hivyo dawa kidogo hutosha. Tatu, mwenye homa isiyosikia dawa ya malaria apimwe damu mapema, kwani malale isiyotibiwa huua.

Yupo atakayesema: "Mimi nauza tu, gharama ya sindano na iwe ya mnunuzi." Huyo asahau kwamba muuzaji wa leo ndiye mnunuzi wa kesho? Tena mbung'o aliyenyonya damu ya ng'ombe wake zizini huweza kumwuma mwanawe kisimani.

Wafugaji, wachuuzi na waganga wa mifugo wa pande zote mbili za mpaka hawana budi kushirikiana. Upande mmoja ukitibu na mwingine ukilala, kazi ni bure.