Vitu Mikononi mwa Manabii



Jioni hii twataka kunena juu ya sanamu za mawe zisimamazo mlangoni, upande wa kaskazini wa kanisa kuu la Chartres, nchi ya Ufaransa. Zilichongwa mwanzoni mwa karne ya 13, baada ya moto mkubwa wa 1194. Wengi wao ni wazee wenye ndevu na kanzu ndefu, wakifanana mno. Kama vile sisi makarani tujuavyo faili kwa namba yake, wao hujulikana kwa walichoshika.

Ibrahimu amemshika Isaka aliyefungwa, na chini ya miguu yao yuko kondoo dume, yule aliyechinjwa badala ya kijana. Musa ana mbao za Sheria, wala hilo si ajabu. Lakini anayo pia nguzo yenye nyoka wa shaba, ambaye Waisraeli walioumwa walimtazama wakapona. Injili ya Yohana yamfananisha nyoka huyo na Kristo aliyeinuliwa msalabani.

Hapa yatupasa kuangalia sana, maana wana-kondoo ni wawili. Yohana Mbatizaji ameshika duara lenye mwana-kondoo, naye ni Kristo. Wa pili yu mikononi mwa mzee ambaye wataalamu humwita Samweli, naye ni wa kuchinjwa: ndiye mchanga aliyetolewa sadaka Wafilisti walipokaribia. Ajibuye upesi kwamba kila mwana-kondoo ni Kristo, amekwisha kumpoteza Samweli.

Kisha yuko Simeoni. Yeye hakupewa alama yo yote. Amempakata Mtoto mwenyewe.