Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Tujiandae Kabla ya Kuandaa Mashindano ya Wasichana

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa wajumbe wa kamati za sharika za Handeni na Korogwe, pamoja na wahisani waliotutembelea



Nimeombwa kuzungumzia pendekezo lililo mbele yetu, kwamba sharika zetu za Handeni na Korogwe ziandae mashindano ya raga kwa wasichana. Pendekezo hili limezaa maswali mawili katika vikao vya kamati. La kwanza: je, tuwe wenyeji haraka kwa kuwa wahisani wameonyesha nia, au tujiandae kwanza? La pili: je, usharika utakaokuwa mwenyeji uingize timu moja kwa moja, au nao ufuzu kama wenzake? Wapo wanaosema haya ni mambo madogo ya michezo. Kwa maoni yangu ni mambo makubwa ya maendeleo, kwa sababu majibu yake ndiyo yatakayoonyesha kama mradi huu ni wa wasichana au ni wa sherehe.

Kwa wale ambao raga ni mgeni kwao, huu ni mchezo wa mpira wenye umbo la yai. Mchezaji hukimbia nao mkononi, na akitaka kumpasia mwenzake kwa mkono humrushia pembeni au nyuma, kamwe si mbele. Iko raga ya wachezaji 15 inayochezwa dakika 80, na iko ya wachezaji saba inayochezwa dakika 14. Hii ya wachezaji saba iliingia katika Michezo ya Olimpiki mwaka 2016, wanawake na wanaume kwa pamoja.

Walioanza bila chochote

Kombe la Dunia la raga la wanawake lilichezwa kwa mara ya kwanza Wales, Aprili 1991. Waandaaji walikuwa wanawake wanne wa klabu ya Richmond ya London: Deborah Griffin, Sue Dorrington, Alice Cooper na Mary Forsyth. Chombo kikuu cha raga duniani wakati huo hakikuyatambua mashindano yao. Hata hivyo timu 12 zilifika. Timu ya Umoja wa Kisovyeti ilikuja bila fedha za kigeni, ikabeba pombe kali, mayai ya samaki na vitu vya ukumbusho ili iviuze ipate ya kujikimu, hadi maofisa wa forodha wakaja kuuliza habari za biashara hiyo. Mashindano yaliendelea hadi mwisho, na Marekani ikaishinda Uingereza 19 kwa 6 katika fainali mjini Cardiff.

Mashindano yaliyofuata yalipangwa kufanyika Uholanzi mwaka 1994. Kwa kukosa kibali cha chombo hicho hicho, wenyeji walijitoa dakika za mwisho. Wanawake wa Uskoti wakayachukua, wakayaandaa kwa muda wa miezi michache tu. Waliweza kwa sababu tayari walikuwa na klabu, waamuzi, viwanja na watu waliozoea kufanya kazi pamoja. Kilichopungua kilikuwa muda, watu walikuwepo.

Agosti na Septemba 2025 Uingereza iliandaa Kombe la Dunia la timu 16. Fainali kati ya Uingereza na Kanada ilitazamwa na watu 81,885 katika uwanja wa Twickenham, na wenyeji wakashinda 33 kwa 13. Mwaka huo huo Deborah Griffin, mmoja wa wale wanne, akawa mwanamke wa kwanza kuwa rais wa chama cha raga cha nchi yake. Kutoka 1991 hadi 2025 ni miaka 34. Wahisani wetu wapendwa, ninyi mnaotuuliza matokeo ya mradi baada ya miezi 12, naomba mkumbuke hesabu hiyo.

Majirani zetu wa Kenya

Nitoe sasa mfano wa karibu. Mwaka 2015 mashindano ya Afrika ya raga ya wachezaji saba kwa wanawake, yaliyokuwa ya kufuzu Olimpiki, yalifanyika Kempton Park, Afrika Kusini. Wenyeji walishinda, Kenya ikawa ya pili. Lakini kamati ya Olimpiki ya Afrika Kusini ilikuwa na msimamo kwamba ushindi wa ngazi ya bara peke yake hautoshi kupeleka timu. Nafasi ikashuka kwa Kenya. Wasichana wa Kenya wakaenda Rio de Janeiro mwaka 2016, wakamaliza nafasi ya 11 kati ya timu 12. Mwaka 2019 huko Jemmal, Tunisia, walifungwa tena na Afrika Kusini katika fainali, na kwa mara ya pili wakaenda Olimpiki, safari hii Tokyo.

Wapo watakaosema hiyo ni bahati. Ni kweli mlango ulifunguliwa na mtu mwingine. Lakini mlango ulipofunguka, Kenya ilikuwa na timu imesimama kizingitini. Timu iliyokuwa ya tatu, ya nne au ya tano haikuitwa. Anayejiandaa hata akawa wa pili hapotezi kazi yake.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Agosti 2021, wiki chache baada ya Tokyo, timu ya Kenya ya wachezaji 15 ilikuwa mwenyeji wa Kolombia jijini Nairobi. Mshindi alikuwa anaendelea na safari ya kutafuta Kombe la Dunia lililochezwa New Zealand mwaka 2022. Kenya ilikuwa nyumbani, wageni wamevuka bahari. Matokeo: Kolombia 16, Kenya 15. Pointi moja, na safari ikaishia hapo.

Madagaska nayo iliandaa mashindano ya Afrika ya wachezaji 15 jijini Antananarivo mwaka 2023, 2024 na 2025. Mwaka 2024 ndipo ilipopatikana tiketi ya Kombe la Dunia la 2025. Wenyeji walimaliza wa pili nyuma ya Afrika Kusini, na tiketi ikaenda kwa Afrika Kusini. Hata hivyo nafasi ya pili iliipeleka Madagaska kwenye mashindano mengine ya kimataifa huko Dubai mwaka huo huo. Aidha, Afrika Kusini iliyopata tiketi ilifika robo fainali ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza.

Ndugu zangu, hili ndilo neno langu kuu leo. Kuwa mwenyeji hakumfuzishi mtu. Kunampa nafasi tu aliyekwisha kujiandaa. Fedha za wahisani zinaweza kununua hema, vipaza sauti na fulana. Haziwezi kununua miezi sita ya mazoezi ya kila juma.

Hesabu ya uenyeji

Tunaufahamu mfano wa mtu aliyetaka kujenga mnara, akapaswa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Tuketi basi.

Tuseme tunakaribisha timu sita wakati wa likizo ya Juni, tatu za Handeni na tatu za Korogwe. Kila timu ina wasichana 12, saba uwanjani na watano wa akiba, pamoja na mwalimu mmoja na mama mlezi mmoja. Hao ni watu 84. Kila timu ikicheza na kila nyingine tunapata mechi 15. Kwa dakika 14 kila moja, ni dakika 210, yaani saa tatu na nusu za mchezo wenyewe. Mechi tisa zitachezwa Jumamosi na sita Jumapili baada ya ibada.

Sasa tazameni yaliyo nje ya hizo saa tatu na nusu. Timu zikifika Ijumaa jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi, ni milo minane kwa watu 84, sawa na sahani 672. Ni usiku mara tatu wa malazi. Ni maji ya kunywa, ya kupikia na ya kuoga. Handeni inafahamika kwa shida ya maji, na bomba kuu linaloihudumia huvuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Kwa hiyo tusimchague mwenyeji kwa kuangalia nani amesema kwa sauti kubwa kikaoni. Tuangalie matangi, vyoo vyenye milango inayofungwa kwa ndani, na vyumba vya kulala wasichana vilivyo mbali na vya wanaume.

Nimeshuhudia bonanza moja, silitaji jina, ambapo wageni rasmi walikula saa saba na wachezaji wakala saa kumi. Wasichana walilala darasani, mlango umezuiwa kwa dawati. Taarifa iliyoandikwa baadaye ilisema shughuli ilifana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee wetu. Lakini pale mwenyeji alipona na mgeni akaugua.

Hofu ya wazazi

Baadhi ya wazazi wameniuliza kama mchezo huu hautawaumiza binti zao. Swali ni halali, na asilidharau mtu. Pendekezo langu ni kwamba tuanze na raga ya utepe. Kila msichana hufunga mkanda wenye tepe mbili kiunoni, na mpinzani akichomoa utepe mmoja ni sawa na kumwangusha. Hakuna kukabana wala kuangushana. Mikanda hiyo vikundi vyetu vya ushonaji vinaweza kuitengeneza. Vilevile tufuate kanuni inayofuatwa duniani: mchezaji anayedhaniwa kuumia kichwa hutolewa uwanjani na harudi siku hiyo, hata kama timu yake inafungwa na mwalimu wake analalamika.

Wengine wameuliza kwa nini isiwe netiboli, ambayo wasichana wanaijua. Netiboli iendelee, wala hatuiondoi. Faida ya mchezo mpya ni kwamba sharika zote zinaanzia mstari mmoja. Msichana wa Sindeni na wa Mombo wote watajifunza siku ya kwanza. Aidha, mchezo huu una nafasi kwa mwenye mbio, kwa mwenye nguvu na kwa mwenye mikono mizuri ya kudaka.

Wala tusidhani mambo makubwa ni ya mataifa mengine tu. Mwaka 2022 timu yetu ya soka ya wasichana chini ya miaka 17, Serengeti Girls, iliitoa Kameruni ikafuzu Kombe la Dunia nchini India. Huko iliifunga Ufaransa 2 kwa 1 na kufika robo fainali. Wale nao walikuwa watoto wa shule, na yupo mzazi aliyekubali kumwachia kila mmoja wao aende mazoezini.

Mapendekezo

Kwa hayo, naomba kamati zipokee mapendekezo manne.

Kwanza, mashindano yasifanyike kabla ya miezi sita ya mazoezi. Fedha ya kwanza itumike kwa mipira, mafunzo ya walimu na waamuzi wanawake, na nauli. Hema lije mwisho.

Pili, usharika ufuzu kwa mahudhurio. Timu itakayoingia ni ile yenye daftari linaloonyesha wasichana 12 walioshiriki mazoezi kila juma na ambao wako shuleni au katika mafunzo ya ufundi. Msichana aliyejifungua na kurudi shuleni, kama Serikali ilivyoruhusu tangu Novemba 2021, ahesabiwe sawa na wenzake. Kuazima wachezaji wiki ya mwisho kusikubaliwe.

Tatu, mwenyeji naye afuzu. Usharika ukikosa timu iliyo tayari, uandae, upike, ushangilie, na mwaka unaofuata ujaribu tena. Hiyo si aibu. Aibu ni kuingiza wasichana wasiojua mchezo ili jina la usharika lisomwe.

Nne, wasichana wawili waingie katika kila kamati ya maandalizi, wakiwa na kauli juu ya malazi, chakula na ratiba.

Kwa wahisani wetu, sitawaahidi kwamba binti wa Kabuku au Magoma atakwenda Olimpiki. Ninachoweza kuahidi ni daftari la mahudhurio, lenye majina na tarehe, mtakaloweza kulikagua siku yoyote mtakayofika, hata bila taarifa. Mkitupa fedha kidogo kwa miaka mitatu mtatusaidia kuliko mkitupa nyingi kwa siku tatu.

Na kwenu wanakamati, kazi inaanza na jambo lisilohitaji mfadhili: kila usharika utaje siku moja ya juma na saa moja ya jioni ambayo wasichana hawatatumwa maji, kuni wala sokoni, na mzee mmoja wa kanisa atakayewajibika kuilinda saa hiyo. Naomba majina hayo yanifikie kabla ya kikao kijacho.